Mutoto Aizoee Sura Yangu

Wamama wenzangu, kabla niseme neno, munitazame. Musinitazame kwa kuibia pembeni, tazameni muzuri. Haya makovu njo yamenisimamisha hapa mbele, na leo sikuvaa kitambaa cha kuyaficha.

Munajua mimi ni muganga, napokea wamama wa kuzaa pale kwenye kituo chetu. Mpox ilipoanza kusemwa, waganga tulipelekwa mafunzo, tukaonyeshwa picha, tukarudi. Lakini kati yetu tulikuwa na neno letu: ule ni ugonjwa wa watu wa pori, wanaokula nyani. Sisi wa ziwa tunakula samaki wetu, ndakala na mikeke, utatukutia wapi? Tena mipira ya kuvaa mikononi ilikuwa kidogo, tuliichungia wamama wa kuzaa tu.

Basi, akafika mama mumoja kutoka upande wa Kiambi na mutoto mwenye vipele. Wote tukasema tetekuwanga. Nilimuosha mutoto yule kwa mikono mitupu, nikimuimbia anyamaze.

Baadaye ikanishika mimi, kumbe ilikuwa mpox. Homa, mitoki ya kuvimba shingoni, kisha vipele mpaka ndani ya viganja. Nami nilikuwa na binti ananyonya, hata kusimama bado. Siku ile ile nilimutoa kwenye titi, nikahamia chumba cha uani. Ndugu zangu, nawaambia, vipele vilichoma, lakini kumusikia akinililia ng'ambo ya ukuta ndiko kulikonimaliza.

Waganga wenzangu, tuliokaa benchi moja kwenye mafunzo, wengine walisimama barabarani wakaniuliza hali kwa simu. Siwalaumu. Woga hausomi.

Aliyekuja ni mukwe wangu, mama wa bwana yangu, kutoka Kabimba. Aliniuliza polepole: unaambukiza kwa kugusa? Kwa nguo je? Nikiketi kule kwenye mulango wa jiko, ugonjwa utanifikia? Nikamwambia kule hapana. Saa ya chakula akapika bukari, ugali wetu wa kila siku, sahani yangu akaiweka kwenye jiwe, akarudi kule mulangoni na mutoto kwenye mapaja. Tukala pamoja, yeye kule, mimi huku, maana kwetu muntu hali peke yake kama mwizi. Mimi nilikuwa nimejifunika uso, mutoto asishituke. Akaniambia:

"Mwanangu, toa kitambaa. Sura yako inageuka kila siku, basi mutoto aione kila siku, aizoee. Ukimuficha, siku utatoka ataona mugeni."

Nikakitoa. Nililia juu ya bukari ile mpaka ikakolea munyu. Tangu hapo tulikula hivyo kila siku, na yeye akimuonyesha mutoto: mama yule, ona mama.

Vipele vikakauka, magamba yakaanguka yote, ngozi mupya ikaja. Daktari akanipima, akasema naweza kumushika. Niliketi chini, nikanyoosha mikono, lakini kumwita sikuweza, niliogopa. Binti yangu akanitazama sana. Kisha akatambaa, akapanda mapajani, akatafuta titi. Maziwa yalikuwa yamekwisha kukauka. Akanyonya bure, nami nikamuacha.

Namushukuru Mungu aliyemukinga mutoto. Namushukuru mukwe wangu. Ameketi hapo nyuma, anainamisha kichwa, hapendi kusifiwa. Nanyi mulioleta kuni na maji bila kuitwa, asanteni sana.

Nawaachia neno moja. Mugonjwa mukimuogopa, muulizeni muganga ugonjwa wake unakomea wapi. Kisha muketi hapo hapo, musiende mbali zaidi.