Mkono Uliojua Joto la Tanuri

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Bibi Mkono, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, binti wa tatu wa fundi cherehani. Alimaliza darasa la saba mwaka 1970. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kuwa ni mwepesi wa hesabu na mzito wa kunyamaza.

Mwaka 1974 aliajiriwa bekari, na baada ya miaka sita akakabidhiwa tanuri. Hakutumia kipimajoto. Aliingiza mkono mlangoni mwa tanuri, akahesabu kimoyomoyo, kisha akasema, "Weka." Mkate haukuwahi kumwaibisha.

Tarehe 5 Mei 1979 aliolewa na fundi baiskeli aliyenunua mkate kila asubuhi, ingawa baadaye alikiri kuwa mikate mingi aliigawa kwa majirani. Walijaliwa watoto watatu.

Februari 1998 alifanyiwa upasuaji, akatolewa kizazi pamoja na ovari. Wiki aliyorudi kazini, mikate ilitoka mibichi mara tatu. Mkono ulimwambia tanuri limewaka, kumbe uliowaka ni mwili wake. Alimfokea mkandaji wa unga kwa kuangusha kijiko, kisha akajifungia stoo ya unga akalia.

"Naacha kazi," alimwambia mumewe. "Mkono umeniasi."

"Mama watoto, jana ulinifokea kwa kupiga chafya. Kamwone daktari kwanza, ndipo uache kazi."

Daktari alimweleza kuwa ovari ndizo zilizokuwa zikitoa homoni ya estrojeni. Ikikatika ghafla, mwili huweza kuwaka bila moto na moyo ukakosa utulivu. Alimpa vidonge vya homoni hiyo na kumfuatilia kwa karibu. Mwezi wa kwanza jasho lilipungua. Wa pili, kicheko kikarudi. Wakati huo wote alimeza kiburi, akatundika kipimajoto kando ya tanuri, mpaka siku kilipokubaliana na mkono wake. Siku hiyo alimwendea mkandaji mbele ya watu.

"Mdogo wangu, lile joto lilikuwa langu. Nisamehe."

Tangu hapo, kila mwanamke wa bekari aliyefikia umri wa kukoma hedhi alimfuata yeye. Jibu lake lilikuwa moja: "Usijiite kichaa, shoga. Nenda kwa daktari."

Alistaafu mwaka 2011. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, na mwishoni alihisi baridi hata juani. Asubuhi ya tarehe 9 Juni 2024, binti yake mkubwa, ambaye sasa ndiye mwenye tanuri, alimpelekea mkate hospitalini. Bibi Mkono aliuwekea mkono.

"Umeiva. Kipimajoto kilisemaje?"

"Kilisema kama wewe, mama."

Alifariki alasiri hiyo, akiwa na miaka 68. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na dada yake mmoja.

Apumzike kwa amani, na mkono wake upumzike.