Mwili wa Bi Mwanatumu Umefika Sitini

Tarehe 30 Juni, Bi Mwanatumu atazima cherehani yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha shuka cha hoteli yetu hapa Diani. Anastaafu akiwa na miaka sitini kamili. Kwa wengi wetu sitini ni umri tu. Kwake yeye ni ushindi, maana alipokuwa na miaka minne mama yake aliambiwa asitarajie mtoto huyu kufika kumi.

Bi Mwanatumu alizaliwa Jego akiwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaoleta maumivu makali ya mifupa, hasa mwili ukipata baridi. Kushona alifundishwa na shangazi yake kule Ramisi, kwa kutia viraka makaptula ya wakata miwa, na hadi leo mshono wake haufumuki. Alipoajiriwa mwaka 1991 alikuta mashine mbili na rundo la shuka zilizochanika. Anaacha mashine saba na mafundi kumi na mmoja aliowafunza mwenyewe. Mapazia ya ukumbi mkubwa ni kazi yake. Suruali zangu pia: amenipanulia kiuno mara sita tangu nije stoo, na hata siku moja hajaniuliza ninakula nini.

Kila akimaliza sala ya adhuhuri, hubaki kwenye mswala akijipapasa viungo na kuvishukuru kimoja kimoja. Eunice, msimamizi wetu wa usafi aliyetoka Nyeri, alimsikia wiki yake ya kwanza, nyuma ya rafu za taulo: "Ahsante, goti. Na wewe bega, jana nilikutumia vibaya, niwie radhi." Alinijia mbio. "Boga, kuna watu wamejificha huko ndani!" Leo Eunice mwenyewe akivua viatu jioni huziambia nyayo zake pole, na kanisani kwao ameshawaambukiza wengine.

Kosa langu nalikiri mapema, la sivyo atalisimulia yeye siku ya sherehe. Mwaka 2012 alilazwa mara tatu katika miezi minne. Nikiwa mwakilishi wa wafanyakazi, nilijaa huruma, nikamwandikia meneja barua kuomba Bi Mwanatumu astaafishwe kwa ugonjwa. Mwenyewe sikumwuliza. Alipotoka hospitali alikuja stoo moja kwa moja, plasta ya dripu ikiwa bado mkononi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Barua ni yako?"

Nikakubali.

"Mwili huu umenibeba miaka arobaini na saba, nao mgonjwa. Leo mimi niuseme kwamba haufai? Watu huniambia nimshukuru Mungu ingawa nina mwili huu. Mimi namshukuru kwa ajili ya mwili huu. Ndio alionipa."

"Sasa tukusaidie vipi?"

"Kiyoyozi kinanipuliza mgongoni tangu Januari. Hamisheni mashine."

Basi! Tulikuwa tumefanya mikutano miwili kuhusu afya yake, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kukaa kwenye kiti chake akaihisi ile baridi. Meneja alimpa miezi mitatu aonyeshe kama kazi ataiweza. Akishindwa, barua yangu ingepita. Mashine niliihamisha mwenyewe, kwa aibu na mbwembwe, mgongo ukaniteguka. Katika miezi ile mimi nilikosa kazi siku nne. Yeye hakukosa hata moja, na supu ya kuku alinitumia.

Tusidanganyane, maumivu hayakwisha. Mafundi wake wamemwona akitia pindo huku machozi yakimdondoka. Zilipokuja siku mbaya alikwenda hospitali, akatibiwa, akarudi kutugombeza kwa nyuzi tulizopoteza.

Wiki iliyopita nilimpelekea fomu ya kustaafu aitie sahihi. Penye sababu ya kuondoka pameandikwa neno moja: umri. Alilisoma, akavua miwani, akaifuta, akalisoma tena. "Alhamdulillahi," akasema, kisha akacheka mpaka mafundi wakasimamisha mashine.

Bi Mwanatumu, ahsante kwa kila shuka na kwa kila fundi. Nenda Jego ukapumzike, ingawa tumesikia cherehani nyingine imeshatangulia huko. Mwenyezi Mungu akuzidishie miaka, na siku zako ziwe za joto. Nawe mwili wa Bi Mwanatumu, sisi wenzake tunakushukuru: asubuhi nyingi ulikuwa na kila sababu ya kubaki kitandani, ukamleta kwetu.

Boga, stoo