Kwanakunda, Kilima cha Mwisho cha Mzee Elinaza

Jumapili ya tarehe 9 Februari 2025, nyumbani hapa Temeke, walikuwapo Mzee Elinaza Mshana mwenyewe, mwanawe Edgar, mkwewe Vaileth akiwa na mtoto Asifiwe mgongoni, jirani yao Wahiba mwenye duka, na Bibi Felicitas kutoka Ukonga, na familia imeomba historia hii ianzie hapo, kwa sababu marehemu alisema ndiyo siku aliyotua mzigo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 katika milima ya Upare, chini ya kilima cha Kwanakunda, akasoma huko hadi darasa la nane, mwaka 1967 akaja Dar es Salaam, akaajiriwa karani wa ghala Kurasini mpaka alipostaafu mwaka 2006. Tarehe 5 Agosti 1972 alifunga ndoa na Clara, aliyetangulia mwaka 2015, wakajaliwa mtoto mmoja, Edgar.

Kila likizo alipanda milimani na daftari, akiuliza majina ya vilima yalitoka wapi, na wenyeji wenyewe wanayaandikaje. Mwaka 1988 aliandika kilima kimoja kwa kumsikiliza mzee mmoja tu, kumbe mzee yule alikuwa ameupa ukoo wake kilima cha wenzake, ndugu wakagombana, naye marehemu akarudi kuomba radhi mlango kwa mlango. Tangu hapo hakuandika jina mpaka asikie watu wawili, mmoja wa kila upande wa kilima. Vilima arobaini viliingia, ila ukurasa wa Kwanakunda ulibaki mtupu, maana shahidi alikuwa yeye peke yake, kwa maneno ya bibi yake.

Mwaka 2023 kiharusi kilimchukua mkono wa kulia, ndipo Vaileth akawa mkono wake. Aliona haya, kwa kuwa aliishia darasa la saba, lakini mzee akamwambia mwandiko wake unasomeka kuliko wa makarani wote wa Kurasini. Wahiba naye, bila kuombwa, akawa anamuuliza kila mteja mwenye lafudhi ya Upare kama anakijua kilima hicho, watu wakimtania kwamba Mwarabu anatafuta urithi milimani, hata akampata Bibi Felicitas, mzaliwa wa upande wa pili.

Jumapili ile mzee hakumdokeza kitu, alimuuliza tu jina lilitoka wapi.

"Nakunda alikuwa mjane," bibi akasema. "Alikuwa anaacha kibuyu cha maji pale juu, kwa wanaopanda na mizigo. Hakuuliza ukoo wa mtu."

Ndivyo bibi yake alivyomsimulia utotoni. Mzee akafuta macho kwa mkono wake mzima.

"Andika sasa, mwanangu," akamwambia Vaileth.

Alifariki Jumanne tarehe 18 Februari, saa nne asubuhi, hospitalini. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani kwa upole, makarani wenzake wa zamani, majirani wote, na Wahiba, aliyefunga duka siku tatu akae na wafiwa. Pumzika kwa amani, Baba, kilima umekimaliza.

Basi la kwenda Kwanakunda linaondoka saa saba mchana, na Bibi Felicitas amekwisha kukaa kiti cha mbele, kibuyu mapajani.