Jina Nililoambiwa Niliruke

Majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyinyi wawili wa usalama wa kiwanda mliosimama mlangoni bila kuvua kofia mbele ya jeneza, mimi ni Arseny, mdogo wake wa mwisho, na asubuhi nyinyi wawili mmeniambia kwamba nikilitaja jina fulani hapa, Jumatatu nisije kazini, basi tegeni masikio.

Taisiya Lvovna Berdnikova alizaliwa tarehe 3 Machi 1949 mjini hapa, kabla haujaitwa Korolyov, akahitimu uhandisi Moscow mwaka 1972, akaajiriwa katika kiwanda chetu cha vyombo vya anga za juu mwaka huohuo, akaolewa na marehemu Rodion tarehe 9 Juni 1974, wakajaliwa binti mmoja, Ulyana, huyu hapa.

Mwaka 1994 alipewa kazi ya kiungo cha kushikanisha vyumba vya kituo cha utafiti kinachozunguka dunia, nusu itoke kwetu, nusu itoke Marekani, na ndipo akaletwa mhandisi Mmarekani, Wendell Trask wa Houston. Siku ya kwanza dada alimwambia, "Wewe Wendell, nusu yako hii itavuja, utatuulia watu," naye akamjibu, "Na ya kwako je, Taisiya Lvovna?", wakanuniana wiki nzima, kisha kila mmoja akaipima nusu ya mwenzake, kumbe zote mbili zinavuja, wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakazitengeneza upya pamoja.

Nchi zetu zilipokosana dada aliamriwa aache kumpigia Wendell simu, akasema, "Watu wanalala ndani ya kazi yetu, mimi nimnunie mwenzangu kwa lipi?", wakubwa wakaing'oa picha ya dada kwenye ubao wa heshima pale kiwandani, naye akaendelea kumpigia kila Jumapili, tena dirisha likiwa wazi, anayetaka kusikia asikie.

Novemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki hospitalini tarehe 14 Februari 2023, na ombi lake la mwisho lilikuwa kuagana na Wendell ana kwa ana, hakuwahi, na hilo linaniuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wake, majirani wa ghorofa letu tunaotumia nao ngazi moja, waliotupikia tangu juzi, wafanyakazi wenzake waliokuja ingawa walikatazwa, na tunamshukuru Wendell Trask, narudia, Wendell Trask, aliyenyimwa ruhusa ya kuja, ambaye yuko kwenye simu hii ninayoiweka sasa karibu na sikio la dada, aseme yake yote, nasi tutasimama kimya mpaka amalize.

Pumzika kwa amani, dada yangu, simu siikati.