Chumba cha Uani ni cha Mzee wa Boila

Bisheni mkitaka, wadogo zangu, lakini mimi niliyekimbia shule kabla sijajua kugawanya ndiye niliyeyatoa ardhini mafuta yaliyowashinda mainjinia. Sikilizeni, pumzi yenyewe ya kubania. Dada, acha kulia, utanilowesha shuka. Nawe mdogo wangu, kofia yangu ya kazini chukua, japo hicho kichwa chako kitapotelea humo.

Nyumba nawaachia ninyi wawili, na nashukuru kwamba ninayo ya kuacha. Nashukuru pia mlivyokuwa mkinigeuza kitandani bila kununa, nami nikiwatania tu. Ila chumba cha uani ni cha mzee wa boila, fundi wetu wa mtambo wa mvuke, mpaka afe. Msinikatize! Nawasikia mkinong'ona jikoni: "Si ndugu yetu, kazi hafanyi, vidole vyenyewe havikunjiki." Yule ndiye aliyenipokea kazini nimevaa viatu vya kuazima, akaniambia, "Karibu, bwana mdogo, kwa domo hilo tutachemsha maji bila moto."

Akanifunza. Mafuta ya kule kazini ni mazito kama lami, pampu ikiyavuta yanagoma. Basi unashindilia mvuke kisimani siku nyingi, halafu unafunga vali na kuacha joto lipenye mwambani, kama dada anavyoloweka ovaroli kabla ya kuifikicha. Yanayong'ang'ania huko chini unayafuatishia maji yenye dawa, jamii ya sabuni, yanaachia na kuteleza. Hapo katikati kazi ni kungoja tu, na kungoja, mnanijua, sikuumbiwa.

Nipeni maji... Basi, inatosha.

Ile hadithi yangu mnaijua, nimeisimulia harusini na msibani: vali ikapasuka, mvuke ukamvamia mzee, nikamtoa mgongoni kama gunia. Mlikuwa mkinipigia makofi. Mungu awape moyo wa kumtunza, awape na watoto wenye adabu kunizidi mimi, maana kunizidi si kazi kubwa. Sogeeni, sauti inakwisha.

Kuna kipande niliruka. Vali haikupasuka. Niliifungua mimi, kisima hakijaiva, kwa kuwa nilikuwa nimewatambia wenzangu kwamba wageni wa kampuni watayakuta mafuta yakimwagika. Mzee akapiga kelele, "We mtoto, acha kilowe!" Nikacheka. Mvuke ukarudi wote, yeye akanisukuma pembeni, akaizungusha vali hadi ikafunga, mikono mitupu. Wakubwa walipouliza, akasema vali ilikuwa mbovu. Ndiyo maana sikufukuzwa, kisima kikangojwa, kikatoa, nikasifiwa mimi. Mshahara ukaendelea, mkasoma, hii nyumba ikasimama. Naye hajanidai hata neno.

Na aliyembeba mwenzake siku ile... si mimi, wadogo zangu. Mimi nilikuwa mgongoni mwa mzee, nalia, namwita mama.