Wilaya Iliyoshika Mkia

Fundi cherehani alifumba macho kwenye kiti cha treni, lakini masikio yake hayakulala. Mbele yake, mtakwimu wa kike alikuwa akimsimulia mkunga mstaafu ripoti aliyokuwa akiipeleka wizarani. Yeye na wenzake walizipima wilaya zote kwa mambo matano ambayo Uislamu unataka yalindwe: dini, uhai, akili, kizazi na mali. Wilaya ya mjini iliongoza. Fundi akatabasamu, maana ndiko kwao, ingawa hakujua hata jina la jirani wa ukuta mmoja.

"Na sisi wa mlimani?" mkunga akauliza.

"Mmeshika mkia, bibi. Kwenye uhai tulihesabu vitanda vya hospitali."

"Mjukuu wangu, vitanda hatuna. Lakini mwaka wa nne huu hajafa mzazi hata mmoja akijifungua. Mwanamke akiwa mjamzito, nyumba saba zinajua zamu zao za kumbeba mgongoni hadi hospitali ya bondeni."

Mtakwimu akamgeukia mzima mzima. "Mmeandika?"

"Kila mtoto, na kila aliyembeba mama yake."

Msichana akafungua kompyuta mapajani, akaanza kuchapa. "Basi mnapanda, bibi! Mnapanda sana!" Kisha vidole vikasimama. "Ila wizara itajenga barabara kuanzia wilaya iliyoshika mkia."

"Barabara tunaitaka. Mgongo wa mtu si gari la wagonjwa."

"Sasa niandike nini?"

"Ukweli."

"Upi, bibi?"

Treni ikasimama. Wakashuka wakibishana, kompyuta ikiwa wazi. Kituo hicho hakikuwa cha fundi, lakini naye akashuka, akawafuata asikie jibu.