Picha ya Kiboko wa Masalani

Boti ya kuvukia Tana pale Masalani ilikwenda polepole hata samaki wakaipita wakiiamkia. Ndani yake mwalimu Rahmo wa Takaba aliielekeza simu majini. Likizo inaisha kesho, na wanafunzi wake, ambao hawajaona kiboko maishani, aliwaahidi picha. Mpaka sasa amepata mapovu tu.

"Unapiga picha bila kusema mashallah?" abiria wa mbele yake, mzee Abdikarim, akamkemea. "Ungempiga picha ngamia wangu hivyo ningekufukuza. Mnyama huogopa jicho la hasidi."

"Adeer, ami yangu, kwani kiboko ana mwenyewe?"

"Ana mama yake! Mmoja alinivusha mgongoni mwaka wa mafuriko, na nauli akakataa."

Boti nzima ikacheka, isipokuwa bibi mmoja aliyeapa kwamba alimwona mzee akivushwa.

Rahmo akanong'ona, "Mashallah." Masikio mawili yakachomoza, simu ikalia kachaa, yakazama.

"Si nilikwambia!"

"Masikio matupu, adeer! Takaba watasema ni punda anaogelea."

Boti ikagusa ukingo, watu wakashuka. Rahmo hakuinuka.

"Nirudishe ng'ambo," akamwambia nahodha.